Mluzi Ndani ya Bamba

Kila asubuhi alimwandalia mama mkwe wake chai, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda karakana. Watu walimwita Fundi. Jina hilo lilikuwa la mumewe. Mume alipofariki, mke alirithi kazi, mashine na jina.

Karakana ilikuwa inatengeneza sakafu ya daraja la waenda kwa miguu, la kuvukia reli. Sakafu yenyewe ilikuwa ya mabamba ya alumini. Mashine ya Fundi haikutumia moto. Ilikuwa na pini nene ya chuma, inayozunguka kwa kasi. Pini ilizama pale mabamba mawili yanapokutana, ikayasugua mpaka yakalainika bila kuyeyuka. Kisha ilitembea mbele huku ikiyakoroga yawe kitu kimoja.

Siku moja, saa nane mchana, wenzake walikwenda kula. Jua lilikuwa kali. Upepo uliingia mlangoni. Ndipo Fundi aliposikia mluzi.

Ulikuwa mwembamba, wenye sauti mbili, moja juu, moja chini. Marehemu alikuwa akipiga mluzi hivyo hivyo kazini. Fundi aligeuka. Hapakuwa na mtu. Mluzi ukatoka tena, safari hii karibu na kiuno chake, kwenye mabamba yaliyolala mezani.

Wiki mbili alikaa na siri hiyo. Mwishowe alimweleza mama mkwe. Bibi aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, anakuita?"

"Sijui, mama. Anapiga mluzi tu."

"Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake bibi aliketi juu ya kreti, mikono mapajani. Upepo ulipoingia, mluzi ulilia. Bibi akafumba macho.

"Ni yeye," alinong'ona. "Mluzi huo nilimfundisha mimi."

Walirudi nyumbani. Mlangoni walimkuta jirani yao, mama mmoja anayefundisha chuo cha ufundi. Wote walimwita Mwalimu.

"Mbona mmepauka hivyo? Kuna nini?"

Bibi alimweleza yote. Mwalimu hakucheka.

"Fundi, mluzi ulianza lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na kabla ya hapo ulibadilisha nini kwenye mashine?"

Fundi alitazama chini. "Niliongeza mwendo wa pini kwenda mbele. Nikiwa pale nahisi mtu kasimama nyuma yangu. Nilitaka nimalize, niondoke."

"Twendeni," Mwalimu alisema.

Karakana ilikuwa tupu. Mluzi uliwapokea mlangoni. Mwalimu alipapasa mwisho wa bamba, akaziba kitundu kidogo kwa kidole. Mluzi ukakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Alipoondoa kidole, ukaanza tena.

"Mungu wangu!" bibi alisema.

"Ndani ya mshono kuna njia tupu, bibi. Upepo unapita humo."

Mwalimu alitoa mkobani udongo wa kuchezea watoto anaoutumia darasani, mweupe na mwekundu. Aliukanda mpaka ukawa laini, akaviweka vipande viwili pamoja, akapitisha kijiti huku akikizungusha. Alipokata kwa kisu, rangi zilikuwa zimechanganyika, hakuna pengo. Kisha alitoa udongo mwingine, mgumu, aliouhifadhi kwenye kopo la barafu. Akapitisha kijiti haraka haraka. Akakata. Katikati kulikuwa na shimo jeusi.

"Pini inachota alumini laini mbele na kuijaza nyuma yake," alisema. "Ukiikimbiza, joto halitoshi. Alumini inabaki ngumu, haitiririki. Pengo linabaki, na juu huoni kitu."

Aliwasha kompyuta yake, akaingiza mwendo wa pini, mzunguko wake na unene wa bamba. Picha ilitokea. Joto lilikuwa jekundu kwenye pini, la buluu pembeni. Kwenye mwendo wa Fundi, wekundu ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Hii ni hesabu tu," alisema. "Lazima tukate bamba lenyewe tuone."

Walikata kwa msumeno. Tundu lilikuwepo, laini kama njia ya panya.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. "Mabamba kumi na moja ni mabovu. Mwenye kosa ni mimi."

"Yanapandishwa darajani kesho kutwa!"

"Basi lipime moja kwanza."

Waliweka bamba juu ya nguzo mbili, wakapanga mapipa ya maji juu yake. Kwenye pipa la nne lilipasuka kwa kishindo, mshono mzima. Msimamizi alijishika kichwa. Ufunguzi wa daraja ukaahirishwa.

Fundi alianza upya, kwa mwendo ambao kompyuta na msumeno viliukubali. Ulikuwa mwendo wa konokono. Mchana, karakana ikiwa tupu, bado alihisi mtu nyuma yake. Hakugeuka. Hakuongeza mwendo. Kila bamba lilikatwa kipande mwishoni, na kila kipande kilikuwa kimejaa, bila tundu. Safari hii mapipa yaliisha, bamba likabaki zima.

Daraja lilipofunguliwa, watoto wa shule walilivuka wakikimbia. Bibi alifuata, amemshika mkwewe mkono. Katikati, treni ilipita chini yao. Sakafu ilitetemeka.

"Unaogopa, mama?"

"Naogopa," bibi alisema. "Lakini usiniharakishe."

Wakasimama mpaka behewa la mwisho lilipopita, kisha wakavuka.