Alama Nyekundu Kaburini kwa Mama

Mpaka leo Tak Yeong-bae hajajua ni nani aliyeichora ile alama. Katika ramani ya mtandaoni ya mioto ya misitu, kila eneo lililowahi kuungua lina mwaka wake, na ofisi ya mkoa pekee ndiyo inayoingiza habari hizo. Alama hii haikuwa na mwaka. Ilikuwa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, juu ya mlima nyuma ya kijiji, pale pale alipozikwa mama yake mwezi wa pili.

"Waambie wa mkoa waifute hiyo," alimwambia Hye-rim, karani mwenzake katika ofisi ya kata.

"Wameifuta mara tatu, mzee. Inarudi. Labda kompyuta nayo imechoka kama wewe."

Alikuwa amechoka kweli. Miezi miwili ya ukavu alizunguka milimani na kipaza sauti, akikataza watu wasiwashe hata kiberiti, kisha jioni akikaa mbele ya ramani kuangalia mioto ya zamani ilisukumwa wapi na upepo. Siku ya pili alama ilikuwa kubwa kama kucha. Siku ya tatu iliteremka bondeni, ikifuata njia ileile ya moto wa miaka ishirini iliyopita, na ofisi nzima, mchana kweupe, ikajaa harufu ya sufu inayoungua, na ndani ya kabati la chuma nyuma ya kiti chake mtu akakohoa, kikohozi kikavu, kilekile cha mama yake alichokisikia ng'ambo ya ukuta kila usiku wa utoto wake.

"Umesikia?" Hye-rim alinong'ona.

"Sijasikia kitu."

"Usinidanganye, mzee. Mbona umegeuka kutazama kabati?"

Ukingo wa alama ulikuwa umebakiza mita mia mbili kufika nyumbani kwa dada yake, Bun-nam, anakoishi na wajukuu wanne. Yeong-bae akampigia simu. Bun-nam alikuja ofisini na mganga, Bibi Gil, ambaye hata kiti hakukitaka.

"Nguo za marehemu ziko wapi?"

Kwao, mtu akishazikwa, nguo zake huchomwa kando ya kaburi ili azivae huko aliko. Mioto mingi ya miezi ya ukavu huanzia hapo, na Yeong-bae ndiye aliyekuwa akiwakamata wachomaji. Akafungua kabati. Koti la sufu la mama yake lilikuwa limekunjwa vizuri. Alikuwa akingoja mvua za Mei ndipo alichome.

Bibi Gil akaligusa, macho yakampinduka, akakohoa kile kikohozi. "Mwanangu, huku kuna baridi," alisema kwa sauti isiyo yake. "Natafuta moto wa kuota. Hata moto wa zamani nitaufuata."

"Ulimwacha mama akitetemeka kwa ajili ya kanuni?" Bun-nam aliuliza polepole.

"Dada, upepo ule ungemaliza kijiji."

Bun-nam alitazama mlima dirishani. Alijua ni kweli.

Wakakubaliana: koti lichomwe saa ileile, si mlimani, bali ndani ya pipa la chuma kwenye uwanja wa saruji wa ofisi, na maji yasimwagwe mpaka mikono yote miwili ya koti iteketee. Bun-nam akanyoosha mkono apewe kiberiti. Bibi Gil akamzuia. "Aliyemnyima ndiye ampe."

Yeong-bae akawasha mwenyewe. Hye-rim alishika mpira wa maji, akilia, na hakuufungua mpaka mikono ya koti ilipokwisha; walipoingia ndani, alama haikuwapo tena kwenye ramani.