Herufi Moja Juu ya Mlango

Kila asubuhi Profesa aliosha vikombe, akafagia sebule, kisha akambadilishia bibi yake kitambaa cha kidonda mguuni. Hakuwa profesa, alikuwa msichana wa darasa la sita. Kaka yake ndiye aliyempachika jina hilo, kwani tangu mwalimu wa Kiingereza awafundishe maneno yaliyotoka Kilatini, nyumba nzima haikupumua.

"'Ped' ni mguu," alieleza akikaza fundo. "'Pedal' hukanyagwa kwa mguu. 'Pedestrian' ni mwenda kwa miguu. Hata tandu, Bibi, wanamwita 'centipede', yaani miguu mia!"

"Miguu mia!" Bibi akacheka. "Mimi huu mmoja tu unanitoa jasho."

Bibi alikuwa akisoma masomo ya jioni, na ndiyo kwanza ameanza kuunganisha herufi. Lakini sukari ilikuwa imemharibia kidole cha mguu, na muuguzi aliwaonya kwamba wakichelewa kitakatwa. Daktari wa vidonda hufika hospitali mara moja tu kwa wiki, na siku yenyewe ilikuwa hiyo; adhuhuri huondoka. Kabla ya kutoka, Bibi aliinamisha kichwa. "Ee Mungu, niachie mguu wangu unifikishe darasani."

Hospitalini vibao vyote vilikuwa vya Kiingereza.

"Mnaelekea wapi?" mlinzi aliuliza.

"Tunajua," Profesa akajibu, bila hata kusimama.

Mbele akaona kibao: PAEDIATRICS. "Ni hapa! 'Ped', mguu!" Papo hapo moyo ukasita. Ile 'a' kati ya 'p' na 'e' ilitoka wapi? Alitaka kurudi kwa mlinzi, lakini yeye, anayefundisha nyumba nzima, aulize neno? "Mchoraji kakosea," akajiambia. Wakaketi.

Foleni ilisogea polepole, huku vichanga vikilia kila upande. Mwishowe mama mmoja aliyebeba mtoto akageuka. "Bibi, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Mgonjwa ni mimi, mwanangu. Mguu huu."

"Basi umerudi utotoni! Hapa wanatibiwa watoto."

Profesa akatazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikaribia. Uongo ulimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: mlinzi katuelekeza vibaya. Kisha akauona mguu uliofungwa, fundo lake mwenyewe.

"Bibi, nimekosa mimi. Niliona herufi nisiyoielewa, nikaona haya kuuliza."

Hakungoja jibu. Alitoka mbio mpaka kwa mlinzi. "Shikamoo! Samahani, daktari wa vidonda yuko wapi?"

"Marahaba. Si mlisema mnajua?" Mlinzi alitabasamu, akavuta kiti cha magurudumu.

Walimkuta daktari akivua koti. Alilivaa tena, akasafisha kidonda taratibu, akakichunguza.

"Kidole kitabaki," alisema. "Mngengoja wiki nyingine, nisingesema hivyo. Mbona leo mmechelewa kufika?"

Profesa akaeleza yote, bila kujitetea. Daktari alicheka mpaka miwani ikamshuka.

"Mwanangu, 'ped' yako ni ya Kilatini kweli. Ila 'paed' ya pale mlangoni imetoka Kigiriki, maana yake mtoto. Yanafanana sura, lakini hayana undugu. Ile herufi moja ilikuwa inakuita, ungeiitikia."

Bibi akamshika mjukuu wake mkono. "Mungu amekupa kichwa chepesi, nami namshukuru. Sasa namwomba akuongezee na mdomo wa kuuliza. Kutojua hakukutaka kunikata kidole. Kujifanya unajua ndiko kulikotaka. Na ukweli wako ndio umekiokoa."

Kidonda kilipopona, Bibi alirudi darasani kwa miguu yake, Profesa akimbebea vitabu. Ubaoni palikuwa na neno refu.

"Linasema nini lile?" Bibi aliuliza.

Profesa alilitazama, akalipindua kichwani, akatikisa kichwa. "Sijui, Bibi. Tumuulize mwalimu."

"Ahaa!" Bibi akaangua kicheko. "Leo ndiyo umekuwa profesa."