Mwenye Pingamizi Ni Bibi Harusi

"Mwenye pingamizi yuko wapi?"

"Ni mimi, mchungaji."

Mchungaji Fanueli alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Bado alikuwa ananiona mimi tu, nimesimama mlangoni pa ofisi ya usharika, sweta limelowa ukungu wa Mlalo.

"Janeth, wewe ndiye bibi harusi."

"Najua, mchungaji."

"Tangazo la pili nimelisoma jana kwa kinywa changu. Limebaki moja. Mwenye pingamizi huwa ni mtu wa nje, mke aliyefichwa, mtu wa namna hiyo. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona bibi harusi anaipinga ndoa yake."

"Ndiyo umeona leo."

"Aron amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana. Angekuwa naye ningekuwa na la kueleweka."

"Sasa amefanya nini?"

Hapo nikaona aibu, maana jambo lenyewe ukilisema kwa mdomo ni dogo mno.

"Ananisahihisha Kiingereza mbele za watu."

Namshukuru hakucheka. Alinisogezea kiti.

"Kaa. Anzia mwanzo."

Mwanzo ni miaka mitano nyuma. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi. Sekondari nilisoma Kifungilo kwa masista, na kwa masista t ilikuwa t. Yangu nikiitamka hapa inasikika mpaka Mtae. Aron ni mtu wa Kwai, wakati huo alikuwa anabeba mabegi ya watalii wanaotembea milimani. Siku moja alinifuata shuleni baada ya vipindi.

"Shikamoo mwalimu."

"Mimi na wewe tunalingana, shikamoo ya nini?"

"Nataka unifundishe Kiingereza, ndiyo maana naanza na heshima. Njia zote nazijua mimi, lakini anayeongea na wageni ni mwingine. Nimechoka kutembea nyuma."

Nikachana karatasi ya daftari, nikaishika mbele ya midomo yake.

"Sema ten. Karatasi itikisike."

"Ten."

Haikutikisika.

"Hiyo ni t ya Kiswahili. Ya kwao ikianza neno ina pumzi. Sukuma."

"Ten!"

Ikaruka, na mate yakanifikia usoni. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Sasa sema stop. Hapa isitikisike."

"T si ni ile ile?"

"Ikitanguliwa na s, pumzi inakatika."

"Wazungu nao wana mambo."

Tuliendelea hivyo kila alasiri. Wiki ya tatu karatasi ilianguka chini na hakuna aliyeinama kuiokota. Ndivyo tulivyopendana, wala sioni haya kusema.

Akawa mwongoza wageni mzuri. Ila miaka miwili iliyopita alianza kupata vikundi vya Wamarekani, na Wamarekani t ikiwa katikati ya neno wanailegeza. Ulimi unagusa na kukimbia, inatoka kama r au d. Wota inakuwa wora. Beta inakuwa bera. Twenti wanaidondosha t kabisa, wanasema tweni. Wapo na Waingereza wanaoimezea kooni. Hakuna aliyekosea hapo, kila mtu na kwao, na mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza Aron mambo hayo.

Akaanza kunirudishia.

"Janeth, si wota. Wora. Legeza ulimi."

"Ulimi wangu umelegea tangu saa mbili asubuhi, Aron. Nina watoto tisini darasani."

"Unaongea kama redio ya zamani."

Nikavumilia. Sokoni nikavumilia, kwenye simu nikavumilia. Halafu Alhamisi iliyopita akaleta wageni sita nyumbani kwetu kula chakula cha mchana, maana wageni wanapenda kula kwa wenyeji. Mama alipika makande tangu alfajiri. Mimi nikapita na birika, nikauliza kwa Kiingereza kama kuna anayetaka maji ya moto.

Aron akacheka. Akawaambia wageni, "Anamaanisha wora. Huyu ndiye anayefundisha watoto wetu, mtuhurumie."

Wawili wakacheka. Bibi mmoja mwenye kofia ya jua akasema, "Mimi nimemwelewa vizuri tu," lakini alikuwa amechelewa.

Mama akaniuliza kwa Kishambaa, "Wanacheka nini?"

Nikamwambia moshi wa jikoni umewaingia machoni.

Nilipofika hapo mchungaji akakohoa.

"Ulimdanganya mama yako."

"Ndiyo. Kwa mara ya kwanza kwa ajili ya Aron, na nikaona zitafuata nyingi. Mchungaji, sina hasira. Nimechoka. Sitaki kuzeeka na mtu ninayemwogopa nikiomba maji."

Akafunga kitabu chake cha matangazo.

"Sitasoma la tatu mpaka mniambie mmemalizana. Nakupa mpaka Jumapili."

Nilikuwa sijafika hata barabarani, simu ikalia, ujumbe wa Aron. Mlalo habari haitembei, inapaa.

"UMENIFEDHEHESHA. KWAYA NZIMA INAJUA."

Nikamjibu, "Basi tumelingana."

Akapiga. Nikaiacha iite. Akapiga tena, nikapokea.

"Janeth, kwa herufi moja? Ndugu zangu wa Kwai wameshatengeneza nguo!"

"Si kwa herufi. Ulinicheka kwetu, mbele ya mama yangu."

"Ulikuwa utani wa kazini. Wageni wanapenda utani."

"Ungefanya utani wa buti zako."

Nikasikia anahema. Alikuwa anapanda mlima mahali fulani, upepo unapiga kwenye simu.

"Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia?"

"Sema."

"Safari yangu ya kwanza kuongoza, pale kwenye mwamba wa Irente. Nilimwambia mgeni anywe maji. Nikasema wota, ile uliyonifundisha, na pumzi zake zote. Akaniuliza, 'Nini?' Nikarudia. Akauliza tena. Mara ya nne akamgeukia mwenzake, wakacheka. Siku ile yote niliwaonyesha vitu kwa kidole, kama bubu. Janeth, nimechoka kuulizwa mara mbili mbili. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Kwa kweli iliniuma. Nilimwona yuko pale kwenye mwamba, na kidole chake.

"Pole. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye mwalimu."

"Kwa hiyo ukaona bora na mimi nichekwe, tena nyumbani kwetu."



"Janeth, nifanye nini?"

"Sijui, Aron. Nimechoka kukufundisha."

Nikakata.

Jumanne hakupiga. Jumatano hakupiga. Alhamisi hakupiga. Nilisahihisha madaftari, nikafua, nikalala mapema. Esteria wa kwaya alipita kuniuliza kama vitambaa vya sare za harusi virudishwe dukani, nikamwambia amuulize mchungaji.

Jumamosi saa saba mchana nikasikia buti uani. Aron, na wageni wanne nyuma yake, vumbi mpaka magotini.

"Sijawaalika," nikasema.

"Mama amewaalika. Nilimpigia jana."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anakoroga makande, hata kichwa hakuinua.

Wageni wakakaa kwenye mkeka. Aron hakukaa. Alivua kofia, akawaambia kwa Kiingereza, polepole, "Kabla hatujala. Huyu ni mwalimu wangu. Kila neno mlilosikia kwangu tangu Lushoto, amenipa yeye. Wiki iliyopita nilimcheka hapa mbele ya wageni kama ninyi. Ilikuwa aibu yangu, si yake."

Wageni wakatazamana. Mmoja akaweka bakuli chini.

Nilidhani amemaliza. Sikuwa nimeguswa, niseme ukweli. Kuongea Kiingereza mbele ya wageni ndiyo kazi yake.

Kumbe hajamaliza. Akaenda mpaka jikoni, akachuchumaa mbele ya mama, na hapo akaacha Kiingereza, akaacha na Kiswahili. Akamweleza kwa Kishambaa chote. Nini alisema, nani alicheka, kwamba haukuwa moshi. Hakujipunguzia hata kidogo. Sauti ilimkatika mara mbili na mara zote mbili akarudi kulianza neno upya.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, mama?"

"Nimemzaa. Nahitaji Kiingereza kujua mwanangu anachekwa?"

Machozi yalinitoka palepale, nami nilikuwa nimebeba birika. Siku tisa nilikuwa nambeba mama kwenye uongo wangu, kumbe alikuwa ameshashuka zamani, ananisubiri.

Mama akaendelea, "Hayo maji mnayogombania hapa kwangu yanaitwa mazi. Nayaita hivyo tangu nizaliwe na hayajawahi kukataa kuchemka. Ondoka hapo, unaniziba moto."

Aron akasimama, akanifuata uani. Hakunishika. Alitoa kwenye mfuko wa shati kipande cha karatasi ya daftari, kimekunjwa mpaka kimelainika kama kitambaa.

"Unacho bado?"

"Niliirudia siku ile ile, kabla mlinzi hajafagia."

Akaishika mwenyewe mbele ya midomo yake.

"Nisamehe, Janeth."

Karatasi haikutikisika. Nilimwangalia usoni. Alikuwa na macho mekundu, ngozi imeungua na jua, amechoka kama mimi.

"Sitakusahihisha tena," akasema.

"Utanisahihisha. Ila tukiwa wawili. Na nikikosea kweli."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mwalimu. Ndiyo kazi yangu."

Akacheka kidogo, kwa uchovu. Nikampa birika awapelekee wageni.

Jumapili, baada ya sisi wawili kumwambia tumemalizana, mchungaji Fanueli alifungua kitabu cha matangazo, akasoma jina la Aron wa Kwai, akasoma langu. "Hili ni tangazo la tatu na la mwisho. Kama kuna mwenye pingamizi..."

Akanyamaza. Kanisa zima likageuka kuniangalia mimi, kuanzia kwaya mpaka wazee wa benchi la nyuma. Miwani ya mchungaji nayo ikanielekea, ikakaa.

Mama aliyekuwa pembeni yangu akaniwekea mkono gotini.

Nikakaa kimya mpaka akafunga kitabu.