Barua Iliyochelewa Kufika China

Kila jioni akitoka shule, Salu alitua daftari zake, akachota maji ndoo mbili, kisha akaketi na wazazi wake kuchambua pamba. Safi iliwekwa huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mwezi wa sita nyumba nyingi za pembezoni mwa mji wa Bariadi huwa nyeupe kwa pamba, na kwao chumba kizima kilikuwa kimejaa hadi dirishani. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya mwisho: kufungua simu ya mama na kuwasikilizisha wazazi ujumbe wa kaka yake, Mayige.

Mayige alikuwa China, mwaka wa kwanza, akisoma Kichina. Mwenyewe alikiri kwamba miezi ya mwanzo alilia. Baridi ilimvisha suruali mbili, chakula kisicho na ugali hakikumshibisha, na darasani alishinda kimya kama bubu. Polepole akazoea. Aligundua duka la mbali linalouza unga wa mahindi, akajifunza kubishana bei na wauza mboga kwa lugha yao, na alipenda kusema kuwa sikio lililokulia Kisukuma halisumbuliwi sana na lugha ya kupandisha na kushusha sauti.

Wiki hiyo alileta habari njema. Alikuwa amepata kazi ya Jumamosi na Jumapili.

"Baba, ni duka la mabomba ya kupulizia dawa," alisema simuni. "Wateja wengi wanapiga kutoka Tanzania, hawaelewani na mwenye duka. Nani atawaeleza vizuri kuliko mimi niliyebeba bomba kwenye pamba yako miaka yote?"

Mzee Ndalahwa, baba yao, alicheka mpaka akapaliwa. Lakini kulikuwa na sharti. Chuo hakikumruhusu mwanafunzi kufanya kazi bila barua ya mzazi yenye muhuri wa serikali, iliyopitishwa kwenye skana, wala si picha ya simu. Barua hiyo ilitakiwa ifike Ijumaa kabla ofisi haijafungwa.

Mzee Ndalahwa hakujua kusoma. Aliiacha pamba yake, akashinda ofisi ya kata Jumatano nzima, akarudi na barua yenye dole gumba lake na muhuri wa bluu. Alhamisi asubuhi alimkabidhi Salu akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Ukitoka shule pitia steshenari kwa Novatus aitume. Usichelewe, mayu, mama yangu. Kaka yako anaisubiri hii."

Salu alipofika kwa Novatus, umeme ulikuwa umekatika. "Subiri kidogo, au rudi saa kumi na moja," alisema Novatus. Benchi lilikuwepo, na Salu angeweza kukaa. Ila rafiki yake Goodness alikuwa akimvuta mkono.

"Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wanashindana uwanjani leo! Kuna mmoja ana chatu shingoni! Tukaone kidogo tu, halafu turudi."

Nani wa huku atasikia ngoma za makundi hayo mawili akabaki ameketi? Salu akaenda. Kidogo ikawa kidogo tena. Vumbi lilitimka, watu wakapiga vigelegele, chatu akatolewa kwenye gunia. Salu alipoikumbuka barua, jua lilikuwa limeshazama, na mlango wa Novatus ulikuwa na kufuli.

"Umetuma?" baba aliuliza hata kabla hajaketi.

"Nimetuma, baba."

Neno lilimtoka lenyewe, laini kabisa, akashangaa. Akajituliza moyoni: kesho ndiyo Ijumaa, siku bado ipo. Na kweli, Ijumaa alitoka shule mbio, Novatus akaituma saa tisa alasiri. Salu akarudi nyumbani akiruka ruka. Alichosahau ni jambo ambalo Mayige alikuwa amelisema mara nyingi: China saa zinatangulia kwa saa tano. Huko ilikuwa saa mbili usiku, na ofisi ilikuwa imeshafungwa.

Jumapili Mayige alipiga simu. Salu alimshikia baba yake ile simu karibu na mdomo.

"Samahani, baba. Barua imefika Ijumaa usiku. Mwenye duka amemchukua mtu mwingine."

"Ijumaa usiku?" Mzee Ndalahwa alikunja uso. "Salu aliituma Alhamisi. Barua ya mtandao inachukua siku nzima, imepanda punda?"

Salu alijua kwamba kila barua ya namna ile hufika na siku na saa yake juu, na kaka yake alikuwa ameshaiona.

"Labda ni mtandao wa huku, baba," Mayige alisema mwishowe.

"Mtandao! Sema kazi imekushinda, unasingizia karatasi. Nimeiacha pamba yangu siku nzima kwa ajili yako, kumbe nafanyiwa mchezo. Usinipigie tena mpaka nikuite!"

Salu aliikata simu, akamrudishia mama. Akajiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Jirani alipouliza, "Mchina wetu hajambo?" Mzee Ndalahwa alijibu, "Sina habari zake," akaingia ndani. Mama alikuwa akiitazama simu mara kwa mara. Kilichomuumiza Salu zaidi kilikuja Jumatano, ujumbe wa Mayige kwake kwenye simu ya mama: "Umeshindaje, mdogo wangu? Jaribio la hesabu umelifanyaje?" Hakukuwa na lawama hata moja. Salu alijificha nyuma ya zizi, akalia. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa anavyovipenda kuliko chakula chochote, aliirudisha jikoni bila kuigusa.

Jumamosi asubuhi, wakiwa wanachambua pamba, hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, barua niliituma Ijumaa."

Mikono ya Mzee Ndalahwa ilisimama. "Na Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Uwanjani. Kwenye ngoma. Nikakudanganya. Kaka alisema kweli."

"Naye alijua kuwa ni wewe?"

"Alijua."

Salu alingojea kipigo. Baba yake alisukuma pamba pembeni, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mpigie."

Mayige alipokea akiwa na wasiwasi. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mwanangu, nilikuhukumu kabla sijauliza vizuri. Nimekosa."

Mama aliacha pamba imdondoke. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Kisha simu ikawa mkononi mwa Salu.

"Kaka, ni mimi niliyedanganya. Nisamehe. Kwa nini hukunisema?"

"Nilitaka uliseme mwenyewe," Mayige alijibu. Akavuta pumzi. "Lakini sikufichi, Salu. Imeniuma. Ile kazi niliitaka sana, na baba kuniita mwongo kumeniuma zaidi."

Kazi ya duka la mabomba haikurudi. Hata hivyo chuo kiliipokea barua ileile kwa orodha iliyofuata ya wanafunzi wanaoruhusiwa kufanya kazi, na baada ya wiki mbili Mayige akapata kazi ya kuosha mabakuli kwenye bwalo la chakula, saa nne kwa siku akiwa amesimama. Alisema wapishi wanamfundisha maneno ambayo hayamo kitabuni. Mzee Ndalahwa alicheka tena, ingawa si kama ile siku ya kwanza.

Lakini Jumamosi ile, mara simu ilipokatika, alikuwa amemgeukia binti yake.

"Salu, sitakupiga. Ila nisikilize. Kwenda kwenye ngoma ni utoto, na ungesema palepale ningekukaripia yakaisha. Ningekimbia hata kwa mwalimu wako usiku ule kutafuta mashine ya kuituma. Uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, lakini ulihitaji mtu wa kuubeba. Wewe uliutua hapa nyumbani ukaenda kulala. Kaka yako ndiye aliyeubeba wiki nzima, ugenini, peke yake."

Machozi yalimtiririka Salu, naye hakuyafuta.