Kompyuta Safi Kupita Kiasi

Lifti ya jengo lile iliharibika Jumatatu asubuhi, na ngazi zikajaa watu wanaopanda na wanaoshuka, kila mmoja akijiona ndiye mwenye haraka. Katika msukumano huo Bisibisi, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya tatu, akagongwa kiwiko na kitu kigumu kilichofungwa kwenye shuka.

"We kaka! Umebeba kompyuta au jeneza?"

"Samahani, dada. Ni kompyuta. Ila kwa hali yake, hata ukisema jeneza hujakosea."

Bisibisi alikuwa na maneno ya kumpa, na maneno hayajawahi kumpungukia, lakini alipoinua macho, yote yakamwishia mdomoni. Kijana alikuwa mrefu, jasho linamtiririka, amevaa shati la bluu lililodariziwa kifuani majani madogo ya kijani. Kazi ilikuwa safi mpaka fundi akajikuta anatafuta uzi ulipoanzia. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli la kijivu, nywele kazifunga juu na kuzichomeka bisibisi badala ya pini. Jina lake lilitoka huko.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi mmoja hapo juu. Wanasema mkali kama pilipili, lakini kazi anaijua."

"Nani kakwambia mkali?"

"Kila niliyemuuliza njia."

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Bisibisi akashika ncha moja ya shuka, wakaipandisha pamoja.

Chumba chake kilikuwa na meza ya mbao, taa moja kali na kibao mlangoni. Mkabala palikuwa na saluni, na mwenye saluni hakuruhusu neno lolote lipite kwenye ujia ule bila kupitia kwanza sikioni mwake. Kijana yule, Mdarizi kwa jina na kwa kazi, akaeleza shida yake. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa na karakana ya kudarizi. Mashine yao ilitii kompyuta hiyo moja tu, ya miaka kumi na mitano, na ndani yake mlikuwa na michoro yote ya nakshi tangu enzi za marehemu baba yao. Chuo cha wauguzi kilitaka sare mia mbili zenye nembo, na kazi isipoanza Ijumaa, basi tena.

"Ukiwasha inafanyaje?"

"Feni inazunguka. Hesabu moja, mbili, tatu, inazima."

"Kuna mtu aliyeifungua?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Tangu inunuliwe haijaguswa."

Bisibisi akafungua ubavu wa kasha. Madabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, ilikuwa inang'aa. "Mbona safi hivi?"

"Sisi watu wasafi, dada," akasema Mdarizi na kutabasamu, shavu likaingia kishimo. Na mwanamke mwenye miaka kumi na miwili ya ufundi akalipokea jibu hilo! Karakana ya kudarizi, manyoya ya nyuzi yanapeperuka kutwa, halafu kompyuta isiwe na hata chembe ya vumbi? Angeambiwa hayo na mteja mwingine angemfukuza. Lakini moyo ukishainamia upande, na macho huyafuata.

"Ijumaa itawaka," akatangaza kwa sauti ya kufika saluni. "Isipowaka, kile kibao changu nakishusha kwa mkono wangu mwenyewe."

Yalikuwa majigambo, ndiyo, lakini alikuwa na haki nayo. Ufundi ule alijifunza kwenye chumba cha wanaume kumi na mmoja waliomtuma maji na kumnyima bisibisi. Sasa sita kati yao humpigia simu wakikwama. Jina ndilo alilokuwa nalo, na alilitunza kama mboni ya jicho.

Akabadilisha betri ndogo. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa ufutio, akajaribu kimoja kimoja. Akaazima kisanduku cha umeme kutoka kompyuta nyingine. Kila mara feni ilizunguka, moja, mbili, tatu, kimya. Na kila jioni Mdarizi alikuja na chai ndani ya chupa, akakaa kwenye stuli, wakacheka mpaka mwenye saluni akawa anakohoa kwa makusudi. Mdarizi akirudi kwake, simu zilifuata.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi? Kompyuta au wewe?"

"Mimi nimezidiwa, mpenzi. Natakiwa kukaa karibu na fundi."

"Kunywa maji ulale."

"Nimeyanywa. Hayajasaidia."

Bisibisi alikata simu akicheka peke yake jikoni.

Alhamisi kicheko kikamkauka. Kaka mkubwa wa Mdarizi aliingia bila hodi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, uso umejikunja. Mdarizi alikuwa nyuma yake.

"Wewe ndiye fundi? Mdogo wangu kaniambia kompyuta ilikuwa inawaka vizuri, ila nzito kidogo tu. Ameileta kwako, sasa haiwaki kabisa. Dada, umetuulia mashine!"

Majirani wakatoka milangoni. Bisibisi alimtazama Mdarizi, akingoja neno moja tu: si kweli, kaka, ilikufa kabla ya kuja hapa. Mdarizi aliangalia viatu vyake.

"Kesho ndiyo Ijumaa," Bisibisi akasema, sauti imetulia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Njoo saa sita."

Walipoondoka alifunga mlango. Aliumia, tena vibaya. Lakini hasira ina faida yake, ilimrudishia macho. "Safi!" akafoka peke yake. "Eti watu wasafi! Mjinga mimi!" Akafungua skrubu zote, akaitoa madabodi nje ya kasha, akailaza juu ya meza ya mbao, akaunganisha nyaya, akawasha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Skrini ikaandika. Michoro ya marehemu ikajipanga mbele yake, safu kwa safu.

Basi madabodi ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa kwenye kasha. Akalimulika. Pale chini husimama viguu vidogo vya shaba, vya kuinua ubao usiguse bati. Kiguu kimoja hakikuwa mahali pake. Tundu lake la zamani lilikuwa limezungukwa na duara la kutu, na chenyewe kilichomekwa tundu la jirani, kimegusa nyaya za chini ya ubao na kuzipiga shoti. Kiguu hakitembei. Mtu alikihamisha.

Simu ikalia.

"Mpenzi, naomba nikueleze..."

"Usiniite mpenzi. Nijibu. Siku ulipofungua kompyuta, vumbi ulilifuta kwa kitambaa au ulipuliza?"

"Nilipuliza."

"Ukaitoa madabodi, skrubu moja ikatoka pamoja na kiguu chake, ukakirudisha kwa kubahatisha."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mimi ni fundi!"

"Kaka alinikataza nisiiguse. Ikafia mkononi mwangu. Nikamwambia ni nzito tu, niitengeneze kimyakimya kabla hajajua. Niliogopa."

"Uliogopa kufokewa wewe, nikafokewa mimi. Siku nne nilizopoteza si kitu. Ila leo, mbele ya watu wote wale, uliniacha peke yangu."

Akakata simu, akalia, kisha akanawa uso. Alimpenda, na hapo ndipo palipouma.

Ijumaa saa sita ujia ulijaa. Watu walikuja kuona kibao kikishushwa, wengine na soda mkononi. Kaka mkubwa alifika peke yake. Bisibisi alikuwa amevaa gauni lake jekundu la kola nyeupe, kichwa juu. Akabonyeza kitufe. Moja, mbili, tatu. Feni haikunyamaza. Skrini ikawaka, nembo ya wauguzi ikatokea, na kaka mkubwa akashika ukingo wa meza.

"Alhamdulillahi! Tatizo lilikuwa nini?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Angelitoa lingemsafisha yeye, na kumzika mtu mwingine mbele ya kaka yake. "Kitu kidogo," akasema. "Nimekirekebisha."

"Mh," mwenye saluni akanong'ona kwa sauti ya watu wote. "Kaiharibu, kaitengeneza."

Bisibisi alilisikia. Lilimchoma, lakini akaendelea kukunja nyaya.

"Hakuiharibu!" Sauti ilitokea ngazini. Mdarizi alipenya katikati ya watu, anahema, vifungo vya shati amevikosea. "Kaka, nilikudanganya. Niliifungua mimi, nikaiharibu mimi. Ilifika hapa imekwisha kufa, naye pia nikamdanganya. Jana nilinyamaza ukimtukana. Msema ovyo yeyote hapa aniseme mimi. Huyu ni fundi kuliko fundi yeyote ninayemjua."

"Wewe!" Kaka mkubwa aliinua mkono, akaushusha. Kisha akamgeukia Bisibisi mbele ya wote. "Dada, nimekukosea. Nilikufokea hadharani, na hadharani naomba radhi."

"Nimekusikia, kaka. Yameisha."

"Mimi bado," Mdarizi akasema. "Msamaha siudai, sina haki nao. Ila nataka kukuoa. Ukikataa, nikataliwe hapahapa, watu wote waone."

"Makubwa!" Mwenye saluni akaacha kichwa cha mteja kwenye povu.

Bisibisi alimtazama kijana yule aliyekwisha kujivua nguo kwa ulimi wake mbele ya umati, akaona fahari inampanda kifuani, ya jina lake na ya mtu wake kwa pamoja. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Mama, shikamoo. Kesho utapata wageni. Kuna mdarizi anataka kunioa."

"Marahaba mwanangu. Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, Mama."

"Tabia yake? Msema kweli?"

Bisibisi akamtazama Mdarizi juu mpaka chini, na vifungo vyake vilivyopishana.

"Ameanza leo, Mama."

"Basi aje asubuhi na mapema," mama akasema, "kabla hajasahau."