Mikono Iliyochelewa Kuamka

Wenzake kazini walimwita Bi Taratibu, na jina likamkaa. Alikuwa mhudumu wa mochwari. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali. Hakikuwa na dirisha, na taa yake iliunguruma kutwa nzima. Aliingia jua halijachomoza, akatoka limeshazama. Kazi yake ilikuwa kuwaosha marehemu na kuwanyoosha vidole kabla ndugu zao hawajafika. Alizungumza nao akifanya kazi. "Samahani, nakushika mkono," aliwaambia kwanza, ndipo akashika.

Hakuwa mwoga hata kidogo. Mtu akifa, mwili hukakamaa baada ya saa kadhaa, na vidole havikunjuki kwa urahisi. Wengine huvuta kwa nguvu. Yeye hakuvuta. Alijua kwamba ukisubiri, vitalegea vyenyewe, na subira hiyo ndiyo iliyompa jina.

Sasa sikiliza yaliyomkuta. Alfajiri moja aliamka akakuta mkono wa mtu umelala kifuani pake. Ulikuwa mzito, vidole vimejikunja. Akiwa bado na usingizi machoni, alitaka kuusukuma kwa mkono wake mwingine, na huo nao ukagoma kufunguka. Ndipo alipotambua kwamba ule wa kifuani ulikuwa wake.

Alilala pale akitazama dari. Alivaa kwa shida, akaenda kazini. Vidole vilianza kulegea saa nne asubuhi, akiwa amesimama peke yake chini ya ile taa.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa pia. Vilivimba vifundo vilevile, mkono wa kulia na wa kushoto, kama vile kuna mtu aliyepima. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Jeraha huuma upande mmoja, alijiambia, lakini kinachochagua pande zote mbili sawasawa kina akili. Na alikuwa akiijua kazi hiyo: kukakamaa, kisha kulegea. Aliamini kwamba mauti yalikuwa yakimfanyia mazoezi.

Hakumwambia mtu. Pale kazini angemlalamikia nani? Wote waliolala mle walikuwa na shida kubwa kuliko yake.

Mumewe alikuwa kinyozi, na siri haikai kwa kinyozi. Alipoona mkewe anashindwa kufunga vifungo vya nguo, aliwasimulia wateja wake, na kila kichwa alichonyoa kilikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni baridi ya mochwari. Mwingine alisema kuna marehemu aliyeondoka na kinyongo. Wa tatu alisema ni upungufu wa vitamini D, hakuna kingine. Kinyozi akanunua chupa ya vidonge akamletea mkewe. Akasema hilo ni jua la kwenye chupa, na kwa kuwa mgonjwa yuko taabani, ameze vitano kila siku. Bi Taratibu aliiweka chupa kabatini. Kwa mauti, vidonge vya nini?

Yote hayo angeyavumilia, kama si mjukuu. Binti yao alikuwa amejifungua, akaja kukaa nao na mtoto mchanga. Bi Taratibu alimtamani yule mtoto mpaka machozi yakamlengalenga, lakini hakumgusa. Aliogopa kwamba kilichokuwa mikononi mwake kingehamia kwa mtoto. Alisimama mlangoni tu, mikono ameificha mgongoni. Na mtoto, hata akiwa analia, akimwona pale alinyamaza ghafla. Wala hakumtazama bibi yake usoni. Alikodolea macho kitu nyuma ya bega lake, na Bi Taratibu hakuthubutu kugeuka.

Siku zikapita hivyo, mpaka binti akaanza kufunga mizigo.

"Mama, kama mwanangu humtaki, niambie," alisema. "Nitaondoka leo hii."

Bi Taratibu alimsogelea. Akaitoa mikono mgongoni, akaiweka mezani.

"Itazame," alisema. "Inakufa kabla yangu. Kila alfajiri inakakamaa kama ya wale wa kule chini. Nikimshika mwanao, mauti yatamhamia na yeye."

Binti aliitazama ile mikono. Akatoka. Aliporudi alikuwa na jirani yao, muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya viungo, ameshamsimulia yote.

Muuguzi aliketi, akabonyeza kifundo kimoja kimoja. Vilikuwa vya moto. Akauliza kama anachoka sana siku hizi. Anachoka. Akauliza asubuhi vidole hukaza kwa muda gani. Kupita saa nzima.

"Sasa nikuulize jambo la kazi yako, dada," alisema muuguzi. "Marehemu hukakamaa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Akishalegea?"

"Basi. Harudii tena."

"Na wewe?"

Bi Taratibu aliitazama mikono yake. "Kila asubuhi," alisema.

"Basi hayo si mauti. Mauti hayarudii kazi yake, na mkono uliokufa hauchemki hivi. Huu ni ugonjwa, na una dawa."

Akawaeleza polepole. Ugonjwa huo huitwa baridi yabisi. Jina lisiwadanganye: hauletwi na baridi, wala na kinyongo cha marehemu, wala hauambukizi. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hukosea njia, wakavishambulia viungo vya mwenye mwili. Ndiyo maana mara nyingi hushika pande zote mbili, na asubuhi ndipo hukaza zaidi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema muuguzi, wala hakutabasamu.

Nywele zilimsisimka Bi Taratibu. Kumbe kweli palikuwa na kitu, na kitu chenyewe kilikuwa yeye.

Kinyozi akaleta ile chupa, akauliza habari ya vidonge vyake. Muuguzi alisema vitamini D ni muhimu kwa mifupa na misuli. Ngozi huitengeneza ikipata jua, na ipo pia kwenye samaki wenye mafuta na kwenye kiini cha yai. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi hupungukiwa nayo, na huyu anayeshinda chini ya ardhi anaweza kuwa mmoja wao.

"Lakini haiponyi ugonjwa huu, shemeji," alisema. "Wataalamu bado wanachunguza kama inasaidia viungo. Na ikizidi mno huharibu figo. Apimwe kwanza. Kesho nakusubiri kliniki, dada. Ukichelewa, vidole vitapinda visinyooke tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alikwenda. Daktari alimpima damu, akapiga picha ya mikono, akathibitisha. Vitamini D nayo ilikuwa chini sana. Alimwandikia dawa ya kuwatuliza wale askari, akamwonya asiiache hata akipata nafuu, na asikose kurudi kupimwa damu. Akampa na vitamini D, kwa kipimo kinachomfaa. Tangu hapo Bi Taratibu akawa anakula chakula cha mchana nje, mikono wazi, juani kwa muda mfupi. Mara ya kwanza alipotokeza, wapishi wa hospitali walimtania kwamba mmoja wa chini amefufuka.

Dawa haikufanya kazi kwa siku moja. Zilipita wiki nyingi, na asubuhi nyingine bado zilikuwa mbaya. Kidole kimoja kilipinda kisinyooke tena, kwa sababu alichelewa. Lakini vingine viliamka mapema zaidi na zaidi, mpaka siku moja akavifungua na kuvifunga jua likichomoza.

Asubuhi hiyo binti alimwekea mtoto mapajani. Bi Taratibu alimshika kichwa, kisha mgongo. Mtoto akakidaka kile kidole kilichopinda, akakikaza, akakivuta mdomoni.

"Ana njaa tu, Mama," alisema binti, akinyoosha mikono kumpokea.

"Mwache," alisema Bi Taratibu. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Miaka yote mimi ndiye ninayewashika watu mikono. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika na yeye."