Kalsiamu Upande Mmoja

Foleni ya chai kwenye mkutano wa wanafizikia haikusogea, na mpimaji wa maabara aliyesimama nyuma ya dada wa gauni la kijani hakunyamaza.

“Nimesoma hesabu zake zote,” alimwambia mwenzake. “Nyunyizia kalsiamu kwenye utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, upoze sana, umeme unapita bila ukinzani hata chembe. Huyo mtu nikimpata, namwoa.”

Dada akageuka. “Umempata. Haya, sema tena.”

Mpimaji, shati lake limepigwa pasi mbele tu, akapeleka kikombe kitupu mdomoni bila kujua.

Mwaka mzima wakapendana kwa simu, dada akipiga hesabu kwenye kompyuta, mpimaji akiwa maabara, mji mwingine. Kisha mkuu wa idara akamwita dada. Mpimaji alikuwa ametangaza kwenye semina kwamba amezijaribu hesabu za dada na ukinzani haukushuka. Kwa hiyo utafiti wa dada ungefungwa mwisho wa mwezi.

Asubuhi mtu anakuita roho yangu, jioni anakuvua nguo mbele za watu! Dada akampigia simu.

“Ulishindwa kuniambia kwanza?”

“Mpenzi, niliogopa wangesema nakupendelea.”

“Ukaona bora unionee! Kalsiamu uliiweka wapi?”

“Juu ya utando.”

“Na chini?”

“Chini si utando umelalia kibao?”

“Hesabu yangu ina kalsiamu pande zote mbili! Iko ukurasa wa kwanza!”

“Nilisoma michoro tu,” akakiri kwa sauti ndogo.

Dada akakata simu, na kwa wiki tatu hakupokea nyingine.

Siku mbili kabla mwezi haujaisha, mpimaji alisimama mbele ya idara nzima ya dada. Alikuwa amerudia jaribio, kalsiamu pande zote mbili, na kwenye mchoro ukutani mstari wa ukinzani uliporomoka hadi sifuri.

“Utabiri ulikuwa sahihi,” alisema. “Mimi ndiye sikusoma, nikamchafulia mtu jina.”

Mkuu wa idara akakohoa, akasema utafiti uendelee. Hakuomba radhi, na hilo nalo lilimchoma dada.

Mpimaji akamfuata hadi kwenye ngazi. “Umenisamehe?”

“Bado.”

“Nilitaka kukuomba tuoane. Basi nitasubiri hasira zikuishe.”

“Utazeeka,” dada akasema, machozi yakimlenga. “Omba sasa hivi. Nitakubali, na hasira zangu nakuja nazo.”